Kukusanya Kumbukumbu za Redio ya Zamani Mtwara na Lindi: Niliyojifunza Njiani

Kwa desturi ya watu wengi wa Kusini, mali ya mjomba humfikia mpwa, na hivyo ndivyo masanduku ya mjomba wangu wa Newala yalivyonifikia hapa Mtwara mjini baada ya arobaini yake. Moja lilikuwa na kaseti zilizoviringishwa kwenye magazeti. Jingine lilikuwa na redio ya mbao ya valvu, yaani ya zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, redio ndogo ya transista aina ya National, na bahasha iliyojaa stakabadhi. Kutokana na masanduku hayo nilianza kazi ya kukusanya kumbukumbu za namna redio, na baadaye televisheni, zilivyoingia katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye sanduku la namna hiyo uvunguni, au mwenye wazee ambao bado wanaweza kusimulia, kwa sababu maelekezo niliyoyahitaji sikuyakuta mahali pamoja, na baadhi yake niliyalipia kwa gharama ambayo si lazima mwingine ailipe.

Anayeanza kazi hii atavutwa na tarehe za vituo. Vitabu vitamwambia kwamba kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kilitangaza matokeo ya uchaguzi tarehe 2 Novemba 1920, kwamba BBC ilianza London mwaka 1922, kwamba Nairobi ilipata matangazo yake mwaka 1928, na kwamba Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Hizo ni tarehe za kweli na zinafaa kujulikana, lakini hazijibu swali la mtu wa Kitangari au Kilwa Kivinje, kwa kuwa huku kwetu hapakuwa na studio wala mtangazaji. Mnara wa kurushia matangazo ukiwa mbali, historia ya utangazaji ni historia ya wasikilizaji: nani alikuwa na redio, alipata wapi mawe yake, yaani betri, waya wa antena ulifungwa kwenye mwembe gani, na ni akina nani walioruhusiwa kukaa karibu. Kila nilipomuuliza mzee "redio ilianza lini hapa?" nilipewa mwaka wa kubahatisha. Nilipouliza "redio ya kwanza uliyoisikia ilikuwa ya nani, na ilikuwa ikisema nini?" nilipewa simulizi la saa nzima.

Wazee wakongwe zaidi niliowafikia walikumbuka redio za Wazungu wa mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi huo mwaka 1947, Nachingwea ikawa sehemu yake kubwa kwa upande wa Kusini, ikajengewa reli na bandari ya Mtwara, kisha mradi wenyewe ukavunjwa mwaka 1951, mwaka ule ule ambao Dar es Salaam ilianza kutangaza. Mzee mmoja aliyekuwa kijana wa jikoni katika nyumba ya mhandisi alinieleza kwamba jioni sanduku lilizungumza Kiingereza mfululizo, na kwamba yeye na wenzake hawakushangazwa na sauti, kwa kuwa gramafoni walikuwa wameshaziona, bali walishangazwa na kwamba hakuna aliyegeuza santuri. Simulizi kama hizo zinafaa kuandikwa kama zilivyo, bila kumsahihisha msimulizi wala kumkamilishia sentensi.

Bei ndiyo iliyowazuia wenyeji kwa muda mrefu. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kampuni ya Ever Ready ilileta redio ya bei nafuu iliyokusudiwa Waafrika, yenye umbo la duara kama sufuria na rangi ya buluu, ikiuzwa kwa pauni 5, na betri yake kubwa ikikadiriwa kudumu saa 300 hivi. Hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa rahisi. Redio ya valvu isiyotumia umeme wa ukutani ilihitaji volti 90 upande mmoja na volti moja na nusu upande mwingine, na betri zake zilikuwa nzito na ghali kiasi kwamba watu walizima redio mara taarifa ya habari ilipokwisha. Transista, kipande kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuingia katika redio za mkononi kuanzia mwaka 1954, ndiyo iliyofuta betri hizo, na National zilipoanza kuunganishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, redio ikawa kitu ambacho mkulima wa korosho angeweza kukiwazia. Stakabadhi za mjomba zinaonyesha hivyo hivyo: redio ilinunuliwa mwezi wa Desemba, mawe yalinunuliwa kwa wingi kati ya Novemba na Januari, na kuanzia Machi hakuna stakabadhi hata moja. Nilipowauliza majirani zake, walicheka na kuniambia kwamba masika mawe yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo ya kusikilizia habari za saa mbili usiku, na kwamba muziki ulisubiri msimu wa korosho.

Kwa sababu hiyo ninamshauri mtu asitupe karatasi. Leseni ya redio iliyolipiwa posta, stakabadhi ya duka la Mhindi, hata lebo iliyobandikwa nyuma ya redio, vyote hutoa tarehe isiyobishaniwa, wakati kumbukumbu ya mwanadamu husogeza miaka mbele na nyuma bila yeye kukusudia. Piga picha ya kila karatasi pande zote mbili kabla ya kuikunjua zaidi, kwa kuwa karatasi zilizokaa katika joto la pwani huvunjika kwenye mikunjo.

Kuhusu tarehe za kukumbukwa, njia iliyofanya kazi ni kumfunga msimulizi kwenye tukio ambalo taifa zima lililisikia. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha la Februari 1967, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kuhusu uvamizi wa Idi Amin, na tangazo la kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, ni vigingi vinne ambavyo karibu kila mzee anaweza kusema alikuwa wapi alipovisikia, na kama redio ilikuwa yake au ya jirani. Muulize kila kimoja. Aliyesikiliza Uhuru kwenye duka la mtu mwingine na Azimio nyumbani kwake amekupa kipindi alichonunua redio bila kuulizwa mwaka.

Upo mtego mmoja ambao umewanasa vijana walionisaidia kunakili mahojiano, na ambao utamnasa yeyote asiyeandaliwa. Wazee wengi husema "TBC". Kijana akisikia hivyo huandika kwamba simulizi ni la baada ya mwaka 2007, wakati Shirika la Utangazaji Tanzania lilipoanza kutumia jina hilo. Lakini mzee anazungumzia Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililochukua nafasi ya Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1956 na ambalo kwa ufupisho wa Kiingereza liliitwa TBC vile vile, hadi mwaka 1965 lilipogeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Kwa hiyo herufi zile zile zina maana mbili zinazotengana kwa zaidi ya miaka 40. Tulilazimika kurudia kusikiliza mahojiano mengi kwa sababu ya herufi hizo tatu, na kwa wasimulizi waliokwisha kufariki hatukuwa na wa kumuuliza.

Inafaa pia kuelewa kidogo namna mawimbi yanavyosafiri, kwa sababu jambo hilo husaidia kupima simulizi. Matangazo ya Dar es Salaam yalitufikia hasa kwa masafa mafupi, ambayo hupaa hadi tabaka la juu la anga lenye chaji ya umeme, yakarudishwa chini mbali sana na mnara. Tabaka hilo hubadilika kati ya mchana na usiku, na ndiyo maana kilohezi 5050, ambazo wasikilizaji wa RTD walizijua kwa mshale uliochorwa kwa kalamu kwenye kioo cha redio, zilishika vizuri giza lilipoingia na kufifia jua lilipopanda. Bibi mmoja wa Mikindani aliponiambia kwamba sauti "ilikuja na kuondoka kama maji kupwa na kujaa", alikuwa akieleza hali halisi ya masafa mafupi kwa usahihi ambao mafundi wengi hawaufikii.

Bibi huyo alinifungua macho kwa jambo jingine. Kwa muda nilikuwa nikielekezwa kwa wanaume, kwa kuwa redio ilihesabiwa kuwa mali ya baba, ikafunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Wanaume walinieleza aina ya redio, bei, idadi ya bendi na nani aliiazima akaiharibu. Wake zao, waliokuwa wakisikiliza kutoka uani wakati wa kupika, ndio waliokumbuka kilichosemwa: majina ya vipindi, sauti za watangazaji, nyimbo, mawaidha ya kina mama, vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Ukihoji wanaume peke yao utapata historia ya vyombo bila matangazo. Wahoji wanawake wakiwa peke yao, saa ambazo mume hayupo karibu, kwa sababu akiwepo atajibu yeye.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni mfano mzuri. Vikundi vya kusikiliza viliundwa nchi nzima, kila kikundi kikiwa na redio, kitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wazee wa kiume wa Lindi walinieleza kuhusu mashimo ya vyoo waliyochimba. Akina mama walinieleza kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza walipoketi mbele ya redio, wakaulizwa maoni yao juu ya kilichosemwa, na mmoja wao alikumbuka hata swali aliloulizwa.

Yapo maeneo ambayo msimulizi hapaswi kusukumwa. Kando ya Mto Ruvuma redio haikuwa burudani katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza Septemba 1964. FRELIMO, chama kilichopigana vita hivyo, ilitangaza kutoka Dar es Salaam, wapiganaji wake walikuwa na kambi Nachingwea, na jamaa wa ukoo mmoja walikuwa wakiishi ng'ambo zote mbili za mto. Wengine hadi leo hupunguza sauti wanapofika hapo. Nilizima kinasa sauti kila nilipoombwa, na mara nyingine kabla ya kuombwa.

Vifo ni sehemu nyingine. Kabla ya daraja la Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, mvua ziliweza kutukata na Dar es Salaam kwa muda mrefu, na gazeti lilifika likiwa limezeeka. Tangazo la kifo katika redio ndilo lililokuwa la haraka. Ndugu aliyefia Muhimbili au mashambani Tanga alitajwa jina, ukoo na kijiji, na anayesikiliza alikimbia kuwaarifu wenye msiba ambao pengine hawakuwa na redio. Baba mmoja wa Mnazi Mmoja, Lindi, aliniambia kwamba alipokuwa kijana yeye ndiye aliyekuwa akipeleka habari hizo, na kwamba hadi uzeeni kuna nyumba ambazo wenyewe hawakupenda kumwona akija bila taarifa. Alilia, na mimi sikuwa nimejiandaa kwa hilo, kwa kuwa nilidhani nimekwenda kuzungumzia mashine. Tangu hapo sikuwahi kupanga mahojiano mawili katika siku moja, na swali la matangazo ya vifo sikuliuliza tena, nililingoja lije lenyewe.

Sasa nije kwenye kaseti, ambako fedha nyingi zilikwenda. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, na huku kwetu ilienea pamoja na redio kaseti. Watu walirekodi nyimbo na salamu moja kwa moja kutoka redioni, wakarekodi pia ngoma, hotuba za harusi na barua za sauti kwa ndugu walioko mbali. Kaseti za mjomba zilikuwa na vyote hivyo, upande mmoja RTD na upande wa pili jando la kijiji jirani. Hali ya hewa ya pwani huzitia kuvu nyeupe inayoonekana kupitia kidirisha, na ukiicheza kaseti ya namna hiyo kuvu huhamia kwenye mashine na kuzichafua kaseti nyingine zote zitakazofuata. Tenga zenye kuvu, vaa barakoa, na uzishughulikie mwisho.

Kabla ya kucheza kaseti yoyote, vunja vibanzi viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili kitufe cha kurekodia kikibonyezwa kisifanye kazi. Katika familia moja ya Masasi, mtoto alifuta sauti ya babu yake akijaribu kusikia kama redio kaseti inafanya kazi, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha. Kisha sokota utepe wote hadi mwisho na kuurudisha mwanzo mara moja, ili tabaka zilizogandana ziachiane. Tazama kipande kidogo cha sponji kinachokandamiza utepe, kwa kuwa gundi yake hukauka na kikianguka sauti huwa hafifu, na watu wakadhani utepe umekufa. Safisha hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti safi baada ya kila kaseti. Ikiwa sauti ni kama inatoka chini ya blanketi, kuna skrubu ndogo ubavuni mwa hedi inayorekebisha mwelekeo wake, na kuigeuza kidogo sana huku ukisikiliza huweza kurudisha maneno yaliyokuwa hayasikiki. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba unaovutika, hivyo zicheze mara moja tu na uwe tayari unanakili.

Nakili katika mfumo usiobana sauti, yaani WAV, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, wala usisafishe mvumo katika nakala ya kwanza. Mvumo na mikwaruzo ya masafa mafupi ni ushahidi kwamba sauti ilirekodiwa kutoka hewani. Kwa mtu wa uwezo wangu, mashine nzuri ya kuchezea na kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta vilinigharimu zaidi ya laki tatu, mbali na nauli, na ninakiri kwamba nyumbani hawakufurahi. Wanaoweza kuchangiana kununua mashine moja na kuizungusha kati ya familia wafanye hivyo.

Redio ya valvu nayo ina wapenzi wake wabaya. Fundi mmoja wa mjini alinishauri nimwachie aitoe "takataka zote za ndani", aweke bodi ya kisasa yenye bluutuu na sehemu ya flashi, abakishe mbao za nje kwa ajili ya urembo. Nimeona sebule za watu Lindi zenye redio zilizofanyiwa hivyo. Mimi nilikataa, na nafikiri kila mtu akatae, kwa sababu kilichomo ndani ndicho chenye historia. Wala usiijaribu kwa kuichomeka umeme. Kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zimekauka, na katika redio za umeme wa ukutani kuna zaidi ya volti 200 zinazoweza kubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Redio ya zamani haihitaji kuzungumza ili iwe na thamani. Kaseti ndizo zinazoharibika kila mwaka unaopita, na fedha ziende huko kwanza.

Kuhusu televisheni, maelezo yangu ni mafupi kwa kuwa wakati wenyewe ulikuwa mfupi. Uingereza ilipata televisheni ya kawaida tarehe 2 Novemba 1936, miaka 14 baada ya redio yake. Zanzibar ilianza ya rangi mapema katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, miaka 43 baada ya Sauti ya Dar es Salaam, vituo binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Mtwara na Lindi, zenye umeme wa jenereta uliokatika mara kwa mara, watu waliona kwanza vibanda vya video, na leo hii wengi huita vyote televisheni. Ili kutenganisha, uliza kama waliokuwa wakitazama walichagua wenyewe cha kutazama, au kilikuja tu kwa saa yake. Jibu la swali hilo limenionyesha kwamba zaidi ya nusu ya simulizi nilizopewa za "televisheni ya kwanza" ni za video.

Kila aliyesimulia alipewa nakala ya sauti yake kwenye flashi, na maelezo ya ruhusa yalisomwa kwa sauti na kurekodiwa mwanzoni, kwa kuwa wazee wengine hawapendi kutia dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma. Nakala zote zimewekwa katika diski mbili, moja kwangu na nyingine kwa dada yangu Masasi, mbali na unyevu wa bahari. Nyimbo za jando zilizomo sijampa mtu, na sitampa hadi wenyewe waamue, kwa sababu si za kusikilizwa na kila mtu. Wenye sauti hizo wako Kitangari na Tandahimba, na nitapanda kuwaona korosho zikishauzwa, maana wakati wa msimu huwezi kumkuta mzee barazani.